Majani ya Dawa Katika Chakula cha Sungura

Mfugaji wa sungura huko Kiambu au Nyeri huujua sana msiba huu. Jike amebeba mimba siku 31, amezaa watoto saba au wanane, nao wamenyonya vizuri hata manyoya yao yang'aa. Kisha, majuma machache baada ya kuachishwa kunyonya, mmoja anavimba tumbo na kuharisha, wa pili anamfuata, na muda si muda tundu ni tupu. Mara nyingi sababu ni koksidiosi, maradhi ya vijidudu viingiavyo pamoja na chakula kilichochafuliwa na mavi, vikashambulia matumbo au ini.

Dawa za dukani zipo, lakini sungura si ng'ombe. Tumboni mwake wanaishi bakteria wamsaidiao kusaga majani, na penisilini akipewa kwa kinywa huweza kuwaharibu bakteria hao na kumwua sungura mwenyewe. Chakula cha kuku chenye salinomisini au narasini, dawa ambazo kuku huzistahimili, nacho ni sumu kwake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya viuavijasumu vya kukuzia mifugo vilikatazwa katika chakula tangu Januari 1, 2006, na tangu hapo wataalamu wamezidi kuijaribu mimea ya dawa na ya viungo.

Hapa Kenya mmea wa kwanza kufikiriwa hauhitaji kununuliwa, nao huota hata pale usipotakiwa. Ni kishona nguo, ambao Wakikuyu huuita mucege. Watoto wamekuwa wakiwakatia sungura majani yake bila kumwuliza mtaalamu yeyote. Mwaka 2015 watafiti wa Taiwan walieleza kwamba mmea huo, ukichanganywa katika chakula cha kuku, ulipunguza koksidiosi. Hata hivyo vijidudu vya kuku si vile vya sungura, kwa hiyo habari hiyo inatia moyo tu, haithibitishi neno.

Majani yakatwe yakiwa machanga, kabla ya mbegu, mbali na shamba lililopigwa dawa. Yaanikwe kivulini yanyauke, kisha yatolewe kiganja kidogo pamoja na nyasi kavu, na kuongezwa polepole kwa muda wa juma moja, maana tumbo la sungura halipendi mageuzi ya ghafula. Kitunguu saumu kilichokaushwa na kusagwa hutumiwa kwa gramu chache tu katika kilo moja ya chakula. Kikizidi huharibu damu. Majani ya mparachichi yasitolewe kabisa, wala ya viazi vya kizungu.

Lakini hakuna jani lifanyalo kazi ya ufagio. Mayai ya vijidudu hivyo yatokapo na mavi huhitaji unyevu na kama siku mbili au tatu kabla ya kuweza kuambukiza. Sakafu ya waya na kufagia kila siku huyaondoa kabla ya wakati huo.

Mwenye majike wawili waliozaa juma moja aweza kuwapa watoto wa mmoja majani hayo na wa pili asiwape, awapime wote kila Jumamosi, na kuandika uzito wao daftarini. Akifa mmoja, apelekwe siku ile ile kwa Bwana Mifugo apasuliwe: madoa meupe katika ini ni dalili ya koksidiosi.