Kijiwe cha Mwana wa Dar

Haya, wajukuu, sogeeni. Nyie wa Gerezani mnaijua Sanamu ya Askari kule Posta. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumikia upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wote kwa mkupuo. Leo nawapa jina moja, la aliyepigana upande wa pili: Mahjub bin Adam Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam hii hii mwaka 1904, baba yake askari wa jeshi la Wajerumani. Vita vilipoanza 1914 naye akaingizwa jeshini. Mtoto wa miaka 10, jamani! Baadaye akavuka bahari hadi Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake. Akaambiwa amechelewa. Basi akabaki huko: akahudumia wateja mgahawani, akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu. Akaoa Mjerumani.

Mwaka aliooa, 1933, ndio Hitler aliposhika madaraka. Wafuasi wake, Wanazi, waliwaua Wayahudi takriban milioni 6, wazee kwa vichanga, kwa kosa la kuzaliwa Wayahudi tu. Weusi nao waliitwa wachafuzi wa damu. Mwaka 1941 Mahjub alikamatwa kwa kupendana na mwanamke mwingine wa Kizungu. Kesi hakusomewa. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Miaka ya 1990 msanii Gunter Demnig alianza kupachika vijiwe barabarani, mbele ya nyumba walimoishi waliouawa. Juu kuna bamba la shaba ya manjano, sentimita 10 kwa 10, dogo kuliko kigae cha bafuni. Herufi hugongwa kwa mkono, moja baada ya nyingine: hapa aliishi fulani, alizaliwa mwaka fulani, aliuawa mahali fulani. Familia ya watano hupata vijiwe vitano, baba, mama na watoto ubavuni. Sasa vimepita 100,000 barani Ulaya, vingi vya Wayahudi.

Mjini Munich wakuu wa jiji walivikataa kwenye njia za umma. Wapo wanaosema majina ya wafu yatakanyagwa. Mimi naona bora yakanyagwe kuliko yasahauliwe.

Kijiwe cha Mahjub kiliwekwa mwaka 2007, Brunnenstraße 193, Berlin. Atakayejaliwa kufika huko apite na kitambaa akakisugue, maana shaba hufubaa.