Ganzi Baada ya Upasuaji wa Matundu Madogo: Jua Itaisha Lini

Upasuaji wa tumbo kupitia matundu madogo, kwa mfano wa kutoa mfuko wa nyongo au kidole tumbo, humwezesha mgonjwa kurudi nyumbani mapema kuliko upasuaji wa kupasua tumbo. Hata hivyo, maumivu hubaki. Mgonjwa anayeumia hushindwa kuvuta pumzi vizuri, kukohoa na kutembea, na hapo hatari ya maambukizi ya mapafu na damu kuganda miguuni huongezeka.

Ili kupunguza maumivu hayo, daktari wa nusukaputi anaweza kutumia mojawapo ya njia tatu za ganzi:

1. Ganzi kwenye vidonda. Dawa huchomwa pale matundu yalipotobolewa. Ni rahisi na haihitaji mashine.

2. Ganzi ya ukuta wa tumbo. Dawa huwekwa katikati ya misuli ya ubavuni, mara nyingi kwa kuongozwa na altrasaundi. Hufaa zaidi chini ya kitovu. Tafiti nyingi zimeona haiizidi sana ile ya vidonda.

3. Ganzi ya mgongoni. Njia hii, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2016, huweka dawa chini ya misuli iliyo kando ya uti wa mgongo. Kwa upasuaji wa nyongo, tafiti kadhaa zimeona inapunguza maumivu kiasi kuliko ganzi ya ukuta wa tumbo.

Njia zote hupunguza haja ya dawa kali kama mofini, ambayo huleta kichefuchefu na usingizi. Lakini maumivu ya bega yanayoletwa na gesi iliyojazwa tumboni huenda yasiguswe na ganzi. Kwa kawaida hupungua baada ya siku chache.

Sindano moja hufanya kazi kwa saa kadhaa, mara chache zaidi ya saa 24. Mkazi wa Illasit aliyefanyiwa upasuaji Kajiado au Nairobi anaweza kuishiwa na ganzi akiwa bado njiani, au usiku akiwa nyumbani. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusiwa kuondoka, uliza ganzi itaisha saa ngapi, na umeze tembe ulizoandikiwa kabla ya saa hiyo.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, au ukipata homa, tumbo kuvimba au kutapika mfululizo, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali iliyo karibu; kwa wakazi wa Illasit, ni ile ya Loitokitok.