Pikipiki Kongwe Inapogoma Kuwaka Baada ya Kukaa Muda Mrefu

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iwake: mchanganyiko wa petroli na hewa ulio katika kiwango kinachofaa, cheche yenye nguvu inayoruka kwa wakati wake, na mgandamizo, yaani shinikizo linalopatikana pistoni inapopanda na kuubana mchanganyiko huo ndani ya silinda. Pikipiki iliyokuwa ikiwaka vizuri, ikaegeshwa miezi kadhaa, kisha ikagoma, kwa kawaida haikuchakaa ikiwa imesimama. Mara nyingi kilichoharibika ni petroli iliyosalia ndani yake, na ndiyo maana uchunguzi unapaswa kutangulia ununuzi wa vipuri.

Petroli ni mkusanyiko wa kemikali nyingi, na zile nyepesi, ambazo hugeuka mvuke upesi na kuiwezesha injini baridi kuwaka, ndizo zinazotangulia kupotea hewani, ilhali zinazobaki huungana na oksijeni polepole na kuacha utando unaonata. Madhara hayo hudhihirika kwanza katika kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwa sababu bakuli lake hubeba petroli kidogo tu na lina njia ya hewa. Katika pikipiki kama Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na ambayo injini yake imeigwa sana na viwanda vya China, petroli ya kuwashia injini na ya kuiwezesha kuzunguka taratibu hupitia jeti ndogo, kipande cha shaba chenye tundu lisilofikia nusu milimita, hivyo utando mwembamba tu hutosha kuliziba.

Baada ya kuhakikisha kwamba koki ya petroli imefunguliwa, swichi ya kuzimia injini haijazimwa na choki imevutwa, kiki chache zinatosha kabla ya kufungua plagi na kuitazama ncha yake. Ikiwa kavu, petroli haifiki kwenye silinda, na kinachofuata ni kufungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta ili kuona kama petroli inatoka, na kama imebadilika rangi au inanuka vanishi. Ikiwa imelowa petroli, basi mafuta yanafika, ila yamezidi au cheche ni dhaifu. Plagi isafishwe, ikaushwe, na pengo lake lirekebishwe hadi kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa pikipiki nyingi za aina hiyo ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Anayejaribu cheche aguse chuma cha injini kwa mwili wa plagi, mbali na tundu la silinda na petroli iliyomwagika, kwa kuwa mvuke wake hulipuka kwa urahisi.

Jeti iliyoziba husafishwa kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, wala haichokonolewi kwa waya wa chuma, ambao hupanua tundu na kuvuruga kipimo cha petroli kwa kudumu. Petroli kuukuu yote itolewe kwenye tangi, kwani kusafisha kabureta na kuirudishia uchafu uleule ni kazi bure.

Ikiwa petroli ni safi na cheche ni nzuri, lakini kiki inashuka bila kukinzana na mguu, mgandamizo ndio wa kushukiwa. Kijiko kidogo cha oili kikimiminwa kupitia tundu la plagi na ukinzani ukarejea, ringi za pistoni zimekwama au zimelika; usiporejea, huenda valvu hazifungi sawasawa, na hapo ndipo fundi anapohitajika.

Mwenye pikipiki anayejua kwamba ataiegesha kwa zaidi ya mwezi mmoja afunge koki na kukausha bakuli la kabureta, kazi ya dakika chache inayomwepusha na sehemu kubwa ya matatizo haya.