Harufu imo kwenye ua au kwenye pua?

Asumini ambayo kina mama wa Unguja, Lamu na Mombasa huitunga na kuivaa jioni ina kemikali iitwayo indoli. Kemikali hiyohiyo imo kwenye kinyesi cha binadamu. Ikiwa nyingi inanuka vibaya, lakini ikiwa kidogo, imechanganyika na kemikali nyingine za ua, ndiyo inayoipa asumini ule uzito wake unaolevya. Basi uzuri wa harufu hiyo uko wapi hasa?

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, aliona kwamba harufu haimo kwenye kitu jinsi umbo lake lilivyomo. Kilichomo ni uwezo wa kutuamshia hisia fulani. Kwa maoni yangu, sayansi imempa nguvu kuliko alivyoweza kutazamia.

Mwaka 1991 Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walitangaza kwamba wamegundua familia kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi hivyo vinavyofanya kazi, juu kabisa ndani ya pua, na kwa kawaida kila seli ya kunusa hubeba aina moja tu. Kemikali moja huamsha vipokezi kadhaa, na kipokezi kimoja huitikia kemikali kadhaa, kwa hiyo ubongo husoma mchanganyiko mzima, kama sikio linavyopokea sauti za vibonye vya kinanda vilivyobonyezwa kwa pamoja. Dozi ikiongezeka, vipokezi vingine navyo huamka, na mchanganyiko hubadilika. Hapo ndipo indoli inapogeuka.

Tena pua zetu hazifanani. Androstenoni, kemikali iliyomo kwenye jasho la watu na nyama ya nguruwe dume, kwa wengine hunuka mkojo, kwa wengine hunukia utamu kama vanila, na wapo wasioisikia kabisa. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kuwa sehemu ya tofauti hiyo inatokana na jeni ya kipokezi kimoja, OR7D4. Nani kati ya watu hao anakosea? Mimi naona hakuna. Hata hivyo, harufu si ndoto ya kila mtu na pua yake. Gesi ya kupikia yenyewe karibu haina harufu. Kemikali ya salfa huongezwa makusudi, kwa sababu inategemewa kwamba ikivuja, jirani yeyote atashtuka.

Mwanafalsafa Immanuel Kant hakuijali pua. Katika kitabu chake cha 1798 aliiweka hisi ya kunusa chini ya nyingine zote, akaona mtu anaweza kuishi bila hiyo. Waliopoteza uwezo wa kunusa wakati wa UVIKO-19 wangembishia. Ziba pua, weka ulimini sukari iliyochanganywa na mdalasini: utapata utamu peke yake. Achia pua, na mdalasini unakujaa mdomoni papo hapo, maana sehemu kubwa ya ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Asiyenusa huketi mbele ya sahani ya pilau akala chumvi na ukali wa pilipili tu.

Mgonjwa wa namna hiyo asiambiwe kwamba hilo ni jambo dogo. Seli za kunusa huzaliwa upya maishani, na kuna mazoezi ya kuzisaidia. Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapisha mwaka 2009: mgonjwa hunusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kila kimoja kwa sekunde 10 hivi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Si wote wanaopata nafuu, na anayeanza asikate tamaa wiki za mwanzo karafuu isiponukia kitu.