Kilima cha Lukenya kwenye Skrini

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie kisa cha msichana mmoja wa Syokimau na laptopu yake.

Mnajua kwamba mtaa huo una jina la mtu. Syokimau alikuwa mwaguzi wa Wakamba, na wazee husimulia kwamba aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka baharini huku akitema moshi, miaka mingi kabla ya reli kufika. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikaingia Nairobi mwaka wa 1899. Siku hizi stesheni ya treni za mjini iliyofunguliwa mwaka wa 2012 inaitwa kwa jina lake, na jirani yake ndipo kilipo kituo kikuu cha reli ya kisasa, SGR, cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka wa 2017. Huko ndiko anakokaa msichana wetu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Mjomba wake alimletea laptopu iliyokwisha kutumika, na jambo la kwanza alilotaka ni kuondoa picha aliyoikuta kwenye skrini na kuweka ya kwake.

Mimi nasema alianza pazuri. Watu wazima wengi huona kupamba skrini ni mchezo wa kupoteza wakati. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto akishaweka alama ya mkono wake mahali, hapo pamekuwa pake, na pake atapatunza.

Waulizeni wazazi wenu kama wanakumbuka kilima cha kijani chini ya anga la buluu lenye mawingu meupe. Watakumbuka, maana kulikuwa na wakati ambapo uliingia saiba yoyote ukakutana nacho kwenye kila kompyuta. Wengi walidhani kimechorwa. La, ni kilima cha kweli, kiko Sonoma huko California, Marekani. Mpiga picha Charles O'Rear alikuwa akipita kwa gari Januari ya 1996, akasimama kando ya barabara, akakipiga picha kwa kamera ya filamu. Mahali hapo palikuwa shamba la mizabibu, lakini wadudu waliishambulia mizizi, mizabibu ikang'olewa, na nyasi zikapata nafasi ya kuota. Microsoft waliinunua picha hiyo, wakaiweka kwenye Windows XP iliyotoka mwaka wa 2001. Kilima cha watu wa mbali kikakaa mbele ya macho ya Wakenya kwa miaka, ilhali Machakos, kaunti ulipo mtaa wa Syokimau, ina Milima ya Mua, ina Ol Donyo Sabuk, na ina Lukenya yenye miamba ambayo wapandaji huikwea kwa kamba.

Msichana wetu alichagua Lukenya. Alikuwa ameipiga kwa simu ya mama yake, simu akiwa ameishika wima. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Skrini ya kompyuta ni pana kuliko ilivyo ndefu, na picha yake ilikuwa ndefu kuliko ilivyo pana. Alipoiambia kompyuta ijaze skrini yote, kilele cha mlima kilikatwa. Alipoiambia iinyooshe, mlima ulibonyea ukawa kama chapati. Alipoiambia itoshe bila kukata, ukanda mweusi ukatokea kushoto na kulia. Kompyuta haikuwa na kosa. Ilikuwa ikifanya hesabu. Skrini nyingi zina vitone 1,920 kwenda upande na 1,080 kwenda chini, na picha isiyo na umbo hilo lazima ikatwe, ivutwe au iachiwe nafasi tupu. Dawa ni kulaza simu unapopiga picha.

Kulikuwa na tatizo la pili. Mama alimtumia picha kwa WhatsApp, ikafika na ukungu. WhatsApp huzipunguza picha uzito ili zisimalize bando, na vitone vingi hupotea njiani. Ukitaka picha ifike kamili, itume kama hati, au unganisha simu kwa waya.

Alipopata picha nzuri, aikoni zake zikapotea. Zilikuwepo, lakini majina yake yameandikwa kwa herufi nyeupe, na upande wa kushoto wa picha ulikuwa na mawingu meupe. Kwenye Windows aikoni hujipanga kuanzia kushoto. Basi chagua picha ambayo upande huo umetulia: anga la buluu, ukuta, au kivuli cha mti.

Nitoke kidogo nje ya kisa. Zamani kompyuta haikuwa na picha wala aikoni. Ulikaa mbele ya skrini nyeusi ukaandika amri, na ukikosea herufi moja, amri haikufanya kazi. Watafiti wa kampuni ya Xerox, huko Palo Alto, California, ndio waliotengeneza kompyuta iitwayo Alto mwaka wa 1973, na mwaka wa 1981 kampuni hiyo ikatoa nyingine iitwayo Star. Walifikiri hivi: mtu wa ofisini tayari anaijua meza yake, anayajua mafaili yake, basi tumwekee vitu hivyo kwenye skrini avishike kwa kipanya. Ndipo likazaliwa eneokazi. Kisha akaja mchoraji Susan Kare, aliyechora aikoni za kompyuta ya Macintosh ya mwaka wa 1984. Alianza kwa karatasi yenye miraba, anapaka mraba mmoja na kuacha mwingine. Kila aikoni ilikuwa na miraba 32 kwa 32, yaani 1,024, nyeusi au nyeupe tu, na ndani ya hiyo akatoa pipa la taka na kompyuta inayotabasamu. Mna daftari la hesabu lenye miraba? Jaribuni kuchora matatu kwa miraba 1,024. Mtamheshimu mama huyo.

Turudi Syokimau. Msichana wetu alikuwa ameandika insha ya Kiswahili, kurasa nne, kazi ya jioni nyingi. Ilikuwa ndani ya folda, ndani ya folda nyingine, na kwa kuwa alichoka kuitafuta, aliiwekea njia ya mkato kwenye eneokazi. Akibofya mara mbili, insha inafunguka. Siku ya kuipeleka shuleni alinakili aikoni ile kwenye flashi, akaenda zake. Mwalimu akabofya. Kompyuta ikasema haioni kitu.

Insha ilikuwa imebaki nyumbani, salama kabisa. Kwenye flashi alikuwa amebeba njia ya mkato peke yake. Ile ni faili ndogo mno inayoshika anwani ya faili nyingine. Ukibofya, kompyuta huenda kwenye anwani hiyo, na anwani ya chumbani kwake haikuwa na maana kwenye kompyuta ya shule. Itazameni aikoni kwa makini: pembeni chini, upande wa kushoto, utaona kishale kidogo kilichopinda. Kishale kikiwepo, huo si mzigo wenyewe. Ndiyo maana pia ukifuta njia ya mkato hupotezi chochote, lakini ukifuta aikoni isiyo na kishale umefuta kazi yako.

Kishale hicho hicho kitawaokoa na jambo jingine. Kuna virusi vinavyosambaa kwa flashi, hasa kwenye kompyuta zinazotumiwa na watu wengi. Vinaficha folda zako na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukifungua flashi ukakuta kila folda ina kishale ambacho hukukiweka wewe, usibofye. Ichomoe, umwonyeshe mtu mzima anayejua. Mara nyingi mafaili bado yamo, yamefichwa tu.

Kuhusu kuhifadhi, jueni kwamba eneokazi nalo ni folda tu ndani ya diski ya kompyuta. Fundi akifuta diski ili aweke Windows upya, kila kilichokuwa juu ya picha yako nzuri kinafutika pia. Nimewaona watoto wakilia kwa ajili hiyo. Kazi muhimu iwe na nakala kwenye flashi, nakala ya faili yenyewe. Faili ipe jina litakalokuelewesha hata mwaka ujao: "insha-mazingira-muhula-wa-pili" ni jina, "mpya", "mpya 2" na "ya mwisho kabisa" yatakuchanganya. Na unapoandika, bonyeza Ctrl na S kila baada ya aya, maana stima haipigi hodi ikitaka kupotea.

La mwisho ni la saiba. Nenda kwenye kompyuta nyingi za saiba uone eneokazi lilivyojaa vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho na matokeo ya mitihani ya watu. Wenyewe walichapisha wakaondoka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, lakini sheria haitainuka kitini ikufutie faili. Ukimaliza kuchapisha, futa ulichohifadhi, kisha fungua Pipa la Taka ukifute na humo, kwa sababu kilichofutwa hukaa humo hadi kiondolewe. Toka pia kwenye akaunti yako ya barua pepe. Na ukiona cheti cha mtoto mwingine kimeachwa wazi, usikifungue. Mwambie mhudumu akiondoe.