Dada wa Kazi Yuko Stendi: Askari Aulize Nini?

Wanachuo wengi wa Iringa tumeshapanda basi la Dar pamoja na mabinti wanaopelekwa kufanya kazi za ndani. Mkoa wetu umezoeleka kwa hilo, na jambo likishazoeleka halimshtui mtu, hata askari.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haidai mtu avushwe mpaka wa nchi au afungwe kamba. Inaangalia mambo matatu: mtu kuchukuliwa, kusafirishwa au kupokelewa, hila, vitisho au shida zake kutumika kumpata, na lengo, yaani kwenda kunyonywa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, kukubali kwake au kwa mzazi wake si utetezi. Kwa hiyo neno "mama yake karidhia" lisifunge jalada.

Mafunzo ya polisi yaanzie hapo. Askari azungumze na binti pembeni, maana mbele ya dalali kila mtu ni "shangazi". Maswali yenyewe ni ya kawaida tu. Unaenda kwa nani? Nani kalipa nauli? Umeahidiwa shilingi ngapi, na nani atazipokea? Simu yako anayo nani? Aliyekwisha fika mjini aulizwe kama anaruhusiwa kutoka, na kama amewahi kuushika mshahara wake.

Maelezo ya binti peke yake yanaweza yasitoshe mahakamani. Namba za simu, miamala ya pesa na tiketi ndivyo vinavyomuunganisha dalali wa kijijini na mpokeaji wa Dar. Vikikosekana, kesi inageuka kuwa ugomvi wa mshahara: tajiri anaambiwa alipe, yanaisha, na dalali anarudi kijijini kuchukua mwingine.

Si kila dada wa kazi amesafirishwa kiharamu. Wapo walioenda kwa hiari, wanalipwa vizuri na wanasomesha wadogo zao. Kuwatofautisha kunataka askari aliyefundishwa, si wa kubahatisha kwa macho.

Ila jamani, askari hakai kwenye kila siti ya basi. Ukiona mtoto ana hofu na hajui anakopelekwa, toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.