Je, Wajua? Kitenzi Kilichozaliwa kwenye Meza ya Nyama

Mtazame mtu anayetembea akiburuta nyayo, magoti hayakunjuki sawasawa, mabega yanaenda huku na huku. Kiswahili kitakuuliza kwanza amepatwa na nini. Kama ameumia mguu, anachechemea. Kama amelewa, anapepesuka. Kama amechoka, anajikokota. Kiingereza kina kitenzi kisichojali sababu, "shamble". Chenyewe kinatazama umbo la mwendo tu, kama kwamba miguu ile mtu kaazima. Ndicho kitenzi ambacho watu wa sinema hukitumia kwa zile maiti zinazotembea polepole katika filamu ya George Romero ya mwaka 1968.

Je, wajua miguu hiyo iliazimwa wapi? Kwa muuza nyama.

Warumi waliliita benchi "scamnum", na benchi dogo "scamellum". Majirani zao waliosema lugha za Kijerumani walilichukua neno hilo zamani sana, na Mjerumani wa leo bado anakiita kigoda "Schemel". Kwa Waingereza wa kale lilikuwa "sceamol": kigoda, au kibao cha kuwekea miguu. Kisha likapanda juu kidogo, likawa meza ya mfanyabiashara sokoni, na mwishowe meza ya kuuzia nyama hasa. Meza za namna hiyo zilikuwa mbao zilizolazwa juu ya miguu iliyotanuka. Kufikia miaka ya 1600, mtu mwenye miguu mibovu aliambiwa ana miguu ya "shamble", sawa na sisi tunavyosema fulani ana matege. Karne hiyo haikuisha kabla sifa ya miguu haijawa kitenzi cha kutembea. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wa asili ya maneno wanavyoieleza safari yake, nami naipenda kwa sababu unaweza kuiona kwa macho: ubao, nyama, na chini yake miguu minne isiyonyooka.

Meza zenyewe zimeacha jina katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Kuna mtaa mwembamba uitwao The Shambles, nyumba zake za mbao zimeinamiana ghorofani hata wa upande huu anakaribia kumshika mkono wa upande ule. Mwaka 1872 mtaa huo bado ulikuwa na bucha zaidi ya 20. Leo hakuna hata moja. Wamebaki watalii na maduka ya kumbukumbu. Lakini vibao vipana chini ya madirisha, palipopangwa nyama, vipo, na kulabu za kuitundikia ziko ukutani mpaka sasa. Mtaani humo pia wanakumbukwa watu, kama Margaret Clitherow, mke wa mchinjaji, aliyeuawa mwaka 1586 kwa kukandamizwa chini ya mawe alipokataa kujibu mashtaka ya kuwaficha mapadre Wakatoliki. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1970.

Neno hilohilo kwa wingi, "shambles", lilishika njia nyingine, ya huzuni zaidi. Kutoka soko la nyama likawa machinjio. Shakespeare analitumia kwa maana hiyo katika Othello. Kutoka machinjio likawa mahali popote palipomwagika damu ya watu. Karne ya 20 ikaipoza damu, ikabaki fujo: chumba kisichofagiliwa, ofisi isiyojua faili liko wapi, serikali iliyopoteza mwelekeo. Mwaka 2012 wachapishaji wa kamusi za Oxford walichagua "omnishambles", yaani vurugu kila upande, kuwa neno la mwaka nchini Uingereza. Anayelitamka bungeni leo hafikirii kigoda cha Mrumi.

Nasi tuna letu kutoka kwa wauza nyama hao. "Bucha" tumelitoa katika neno la Kiingereza "butcher", Waingereza wakalitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa walikuwa wamelijenga juu ya "bouc", yaani beberu. Anayekwenda buchani Jumamosi asubuhi kununua nusu kilo ya ng'ombe anamtaja mbuzi dume.